Matoleo ya Kwanza ya Shaaban Robert na Mnyampala: Namna ya Kuyakusanya Ukiwa Dodoma

Uingereza kuna watu wenye mapenzi ya kukusanya vitabu vya waandishi waliokuwa mume na mke. Wanaogombewa sana ni Virginia na Leonard Woolf. Mwaka 1917 wawili hao walinunua mashine ndogo ya chapa, wakaiweka nyumbani kwao Richmond, wakawa wanapanga herufi kwa mikono yao wenyewe. Kitabu cha kwanza walichokitoa kilikuwa na hadithi mbili, ya mume moja na ya mke moja, nakala kama 150 tu. Ukiipata moja leo hukai nayo sebuleni, unaipeleka benki.

Mimi sina ubavu huo. Nina rafu ya mninga yenye mbao tatu, nyumbani kwangu hapa Dodoma, na juu yake wamekaa wazee wawili ambao hawakuwa ndugu wala hawakuishi nyumba moja. Nimewaweka pamoja mimi, na sioni kama nimekosea. Mmoja ni Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, 1909 hadi 1962, Mwislamu wa pwani na karani wa serikali. Wa pili ni Mathias Mnyampala, 1917 hadi 1969, Mgogo wa Ihumwa, Mkatoliki, hakimu. Kinachowakutanisha ni mkoa huu. Katikati ya miaka ya 1940 Shaaban alifanya kazi Mpwapwa, kwenye idara ya mifugo. Na Ihumwa ya Mnyampala ni hiyohiyo unayoipita ukishika barabara ya Morogoro kuelekea Mji wa Serikali, ambako mabasi ya watumishi yanapiga honi kila asubuhi bila abiria kujua kwamba wanapita kwa malenga.

Mwongozo huu ni wa mtu wa mshahara wa kawaida anayetaka kuwa na matoleo ya kwanza ya waandishi wawili kama hawa. Ukitaka jozi nyingine, hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Andika orodha kabla hujatoa shilingi

Anayeingia sokoni bila orodha hununua kila chenye jalada lililochakaa, akidhani uchakavu ndio ukale. Chukua daftari, kila mwandishi mpe kurasa zake. Kila kitabu kiandikie mambo matatu: mwaka kilipotoka mara ya kwanza, nani alikitoa, na mji gani.

Kwa Shaaban utaona jambo la kushangaza mapema sana: vitabu vyake vya mwanzo havikuchapwa nyumbani. *Pambo la Lugha* lilitoka Johannesburg, kwa wachapishaji wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, mwishoni mwa miaka ya 1940. *Kusadikika* ilitolewa na Nelson mwaka 1951. *Adili na Nduguze* ilitolewa na Macmillan mwaka 1952. *Kielezo cha Insha* kikarudi kwa Witwatersrand mwaka 1954. Halafu kuna fungu la pili, vitabu vilivyotoka yeye akiwa kaburini: *Kufikirika* na *Utenzi wa Vita vya Uhuru* mwaka 1967, *Utubora Mkulima* na *Siku ya Watenzi Wote* mwaka 1968. Fungu hili la pili watu hulidharau kwa kuwa "si la zamani sana." Hilo ndilo kosa lao na bahati yako, kwa sababu toleo la kwanza la 1968 ni toleo la kwanza kama lingine lolote.

Kwa Mnyampala anza na *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika*, 1954, kilichotolewa na Eagle Press, lile jina lililotumiwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki. Kisha *Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili* cha 1961, *Diwani ya Mnyampala* ya 1963, *Waadhi wa Ushairi* wa 1965. *Utenzi wa Enjili Takatifu* ulichapwa na wamisionari wa Ndanda, kusini kule, mwaka 1963. *Ngonjera za Ukuta* zilitoka kwa Oxford katika vitabu viwili, 1970 na 1971, mwenyewe akiwa ameshafariki. Huyo "Ukuta" si wa tofali. Ni UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania.

Ushauri wangu: anza mwishoni. *Ngonjera* zilisambaa mashuleni baada ya Azimio la Arusha, watoto wakizikariri na kuzighani mbele ya wageni, kwa hiyo bado zimelala kwenye masanduku ya watu. Ukishapata mbili tatu za namna hiyo jicho linazoea. Ukianza na kuitafuta *Kusadikika* ya 1951 utachoka kabla ya mvua za kwanza.

Hatua ya 2: Jifunze kuusoma ukurasa wa hakimiliki, ulio nyuma ya jina la kitabu

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nilipoliwa.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja muuza vitabu vya mitumba alinipigia simu. "Mzee, nina *Kusadikika* ya elfu moja mia tisa hamsini na moja. Njoo haraka, kuna mtu mwingine anaitaka." Huyo mtu mwingine huwa yupo daima. Nikaenda mbio, nikafungua, kweli nikaona 1951, nikalipa bei ambayo mpaka leo sijamwambia mke wangu. Usiku, kwenye mwanga wa taa, nikageuza jalada la nyuma. Palikuwa na orodha ya vitabu vingine vya mwandishi huyohuyo, na katikati ya orodha limekaa jina *Utubora Mkulima*. Kitabu cha 1951 kinawezaje kutangaza kitabu cha 1968? Nikarudi mbele, nikasoma tena ukurasa ule wa hakimiliki, polepole. Chini ya 1951 palikuwa na mstari wa herufi ndogo uliotaja miaka ya kuchapwa upya, nao ulikuwa mrefu. Niliona nilichotaka kukiona, basi.

Kwa hiyo shika mambo haya.

Toleo na chapa ni vitu viwili. Toleo hubadilika maandishi yanapopangwa upya au kurekebishwa. Chapa ni mara ambayo mashine imerudia kazi ileile. Kitabu kinaweza kuwa toleo la kwanza, chapa ya saba. Mkusanyaji akisema "toleo la kwanza" huwa ana maana ya toleo la kwanza, chapa ya kwanza, yaani zile nakala zilizotoka siku ile mtambo ulipoanza. Ukurasa wa chapa ya kwanza huwa na mwaka mmoja tu na hauna mstari wa marudio. Mwaka ulioandikwa kwenye ukurasa wa jina lenyewe, mbele, ukilingana na ule wa nyuma yake, hiyo ni dalili njema.

Pale ambapo ukurasa huo umechanika, au mchapishaji hakuandika kitu, kitabu chenyewe kinajishitaki. Tazama jina la nchi: panapoandikwa Tanzania, kitabu hakiwezi kuwa cha kabla ya 1964. Tazama ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu: vitabu vya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 havina, kwa sababu namba hizo zilikuwa bado hazijabuniwa. Yenye tarakimu 13 ni ya 2007 kuja huku. Tazama maneno kuhusu mwandishi: Shaaban akiitwa marehemu, umeshavuka Juni 1962. Tazama mji wa mchapishaji: *Pambo la Lugha* lenye Nairobi badala ya Johannesburg si lile la kwanza, hata liwe limechakaa kiasi gani. Na usiache kugeuza jalada la nyuma. Mimi sasa naanzia huko.

Jaribio jingine halihitaji kusoma. Pitisha ncha ya kidole mgongoni mwa karatasi, upande usio na maandishi mengi. Vitabu vilivyochapwa kwa herufi za risasi huacha vijivimbe vidogo, kama ngozi iliyoshtuka na baridi. Vilivyochapwa kwa mitambo ya baadaye vinateleza tu. Jaribio hili halithibitishi mwaka, lakini likikuambia "laini" wakati muuzaji anakuambia "1949," msikilize kidole.

Na fotokopi zipo. Baadhi zimefungwa vizuri, zina jalada la rangi. Angalia vivuli vyeusi kwenye ukingo wa ndani wa kurasa, na herufi zilizovimba kidogo kama wino umemwagikiwa maji.

Hatua ya 3: Watafute waliko, na waliko si dukani

Maduka ya vitabu ya mjini yanauza vya mtaala na vya dini. Usiwalaumu, kodi ya pango haimngoji Shaaban Robert.

Vitabu unavyovitafuta viko kwa walimu wastaafu. Mwalimu aliyehitimu miaka ya 1960, akafundisha Kongwa, Mvumi, Kondoa au Mpwapwa, alinunua vitabu kwa fedha yake na akavitunza kwenye sanduku la bati, pamoja na vyeti na barua za uhamisho. Hao ndio watu wako. Lakini hufiki kwa mwalimu mstaafu kama dalali wa viwanja. Nenda na mtu anayemfahamu. Kama ni Mgogo, "mbukwa" yako, salamu yao, ikitoka vizuri utakuta kigoda kimeshawekwa kivulini.

Mzee mmoja wa Mpwapwa nilimtembelea mara tatu. Mara ya kwanza tuliongea mvua na bei ya alizeti. Mara ya pili aliniuliza kazi yangu, na wazazi wangu ni wa wapi. Mara ya tatu, baada ya shikamoo na marahaba, akasema mwenyewe:

"Mwanangu, niliambiwa unapenda vitabu."

"Ndiyo, mwalimu. Hasa vya zamani."

Akamwita mjukuu alete sanduku. Ndani, chini ya shuka, palikuwa na *Diwani ya Mnyampala*, jalada limetoka lakini lipo, limekunjwa ndani ya kitabu kama barua.

"Hiki ninakisoma," akasema. "Nikikupa wewe, mimi nitasoma nini?"

Swali hilo lilinifunza mbinu ninayoitumia mpaka sasa. Vitabu vya Shaaban vimetolewa tena na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, na huwa nabeba nakala mpya mbili tatu kwenye mkoba. Mzee mwenye macho ya miaka themanini mara nyingi atafurahia karatasi nyeupe na herufi safi kuliko kitabu kinachomwagika kurasa. Unambadilishia, unaongeza na fedha. Ila kwanza sema ukweli wote: "Mwalimu, hiki chako cha zamani kina thamani kubwa kuliko hiki kipya, na mimi nakitaka kwa sababu hiyo." Asipokubali baada ya kuujua ukweli, kunywa chai yako uage. Yule wa Mpwapwa kwa siku ile alikataa, kwa kuwa cha Mnyampala sikuwa nacho kipya cha kumpa. Alinipa baadaye sana, bila malipo, na sharti moja nitakalolieleza mbele.

Mahali pa pili ni nyumba za mapadre na parokia za zamani. *Utenzi wa Enjili* uliandikwa kwa ajili ya Wakristo, na katekista alikuwa nao kabla ya mtu wa chuo kikuu kuusikia. Ongea na katekista kabla ya paroko. Paroko huhama, katekista yupo.

Mahali pa tatu ni karatasi chakavu. Siku moja pale Sabasaba nilinunua karanga za mia tano. Nimemaliza, nikafungua kile kikaratasi kilichosokotwa kama pembe, nikakuta beti tatu zenye mizani, yaani silabi, nane kwa nane, na namba ya ukurasa. Nilirudi kwa mama muuza karanga. Akacheka, akanielekeza kwa anayemuuzia karatasi kwa kilo. Kitabu chenyewe kilikuwa kimeshaliwa nusu na karanga, na hakikuwa cha hao wazee wangu wawili, kilikuwa ni kitabu cha kusomea shule. Lakini tangu siku hiyo yule muuza karatasi kwa kilo ananipigia simu kabla hajachana chochote chenye mashairi, namlipa mara mbili ya bei yake ya kilo. Hapa mjini ofisi zinahama, nyumba zinavunjwa, watoto wanasafisha stoo za wazee waliofariki. Karatasi nyingi inapita kwa watu kama yeye.

Dar es Salaam ni lazima uende mara moja moja, kwa wauza vitabu wanaotandaza kando ya njia maeneo ya Posta na Kariakoo. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024 unaweza kwenda asubuhi ukarudi usiku na mkoba mzito. Wauzaji wa nje nao wapo mtandaoni, kwa mfano kwenye AbeBooks, kwa sababu wamisionari na maafisa wa kikoloni waliondoka na vitabu vyao. *Pambo la Lugha* la Johannesburg usitegemee sana kulikuta sokoni Majengo. Kwa muuzaji wa mbali, awe wa Uingereza au wa Kariakoo anayetuma kwa WhatsApp, omba picha nne: jalada la mbele, ukurasa wa jina, ukurasa ulio nyuma yake, na jalada la nyuma. Anayekutumia moja tu ana sababu yake.

Hatua ya 4: Soma mihuri

Ukiona mhuri wa maktaba, simama. Maktaba huondoa vitabu kihalali, na ikifanya hivyo kwa kawaida huweka alama ya kuonyesha kwamba kitabu kimeondolewa. Mhuri mtupu bila alama hiyo unaweza kuwa na maana kwamba kuna mtu aliazima na hakurudisha, labda mwaka 1978, labda juzi. Piga simu maktaba husika uulize. Niliwahi kurudisha kitabu namna hiyo kwenye chuo kimoja. Mhudumu alinishangaa kama nimemletea nyoka, lakini alikipokea. Mihuri ya shule zilizokwisha kufa au kubadilika majina ni habari nyingine, hiyo huwa naihesabu kama sehemu ya kitabu.

Hatua ya 5: Pima hali ya kitabu, ila si kwa kipimo cha London

Wenzetu wana kanuni: kitabu kiwe safi, kisiwe na jina la mtu, kiwe na lile jalada la karatasi linalovikwa juu. Mwenye kukiandika jina lake amekipunguzia bei.

Kanuni hiyo hapa haitufai, na nitaieleza sababu. Vitabu vingi vya Kiswahili vya miaka ile vilikuwa vyembamba, jalada laini, vimebanwa kwa pini mbili katikati. Vilitengenezwa visomwe na darasa zima. Nakala safi kabisa ni nakala ambayo haikusomwa, na kitabu cha Mnyampala kisichosomwa Ugogo ni kitabu kilichosahauliwa ghalani. Nakala niliyopewa na mzee wa Mpwapwa ina majina matatu ukurasa wa mwanzo, kwa wino wa rangi tatu: la kwake, la mwalimu mwenzake, na la mwanafunzi aliyeandika pia darasa lake na mwaka. Ukurasa mmoja una alama za penseli juu ya mistari, kijistari kwa kila silabi. Mtu fulani alikuwa anahesabu mizani. Alipofika mshororo wa tatu hesabu ilimshinda, akafuta, akaanza upya. Huyo simbadilishi kwa nakala safi.

Na sharti la mzee lilikuwa hili: "Usifute majina." Sikuwa na nia ya kuyafuta, lakini nilifurahi kuambiwa.

Yanayopunguza thamani kweli ni haya: ukurasa kukosekana, hasa ule wa hakimiliki, jalada kupotea, kurasa kukatwa ukingo na mfungaji ili zilingane, selotepu. Kabla ya kulipa hesabu kurasa zote, moja moja, muuzaji akikutazama. Vitabu vya pini hupoteza karatasi ya katikati kwanza, na karatasi moja ya katikati ni kurasa nne.

Ukizoea utaanza hata kujua kitabu kiliishi wapi. Cha Tanga au Pangani kina kutu kwenye pini na madoa ya kahawia kama mabaka ya embe. Cha Dodoma pini zake zinang'aa bado, lakini ukikifungua katikati kuna mstari mwembamba wa vumbi jekundu umelala kwenye mkunjo.

Hatua ya 6: Vitunze dhidi ya Dodoma

Dodoma ina neema moja kwa karatasi, ukavu. Unyevu unaoozesha vitabu vya pwani hapa haupo sehemu kubwa ya mwaka. Maadui zetu ni vumbi, jua na mchwa.

Mchwa usifanye nao mzaha. Boksi lisikae sakafuni hata usiku mmoja, na rafu isiegemee ukuta, acha upana wa kiganja ili uone kinachopanda. Mwanzo wa mvua, kumbikumbi wakianza kuruka kwenye taa, ndio wakati wa kukagua kila wiki: ukiona mfereji wa udongo ukutani, usiubomoe tu, fuata uone unatokea wapi.

Vumbi lipanguse kwa brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kuona rangi. Kifunge kitabu, kishike kwa nguvu, piga brashi juu ya kingo ukitoka mgongoni kwenda nje. Kitambaa chenye maji hapana. Jua lisiguse rafu, kwa kuwa jalada jekundu huwa la waridi ndani ya kiangazi kimoja.

Kitabu kipya kuingia nyumbani kisilale na wenzake siku hiyohiyo. Kinaweza kuja na mayai ya wadudu, hasa kale kadudu ka kijivu kanakong'aa kenye umbo la samaki mdogo, na wale wanaotoboa matundu ya mviringo. Kitie kwenye mfuko wa nailoni, toa hewa, funga vizuri, weka kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili. Ukikitoa usifungue mfuko mpaka kesho yake, ili unyevu utande nje ya nailoni, si kwenye karatasi. Umeme ukikatika siku nzima katikati ya zoezi, anza kuhesabu upya. Na waambie watu wa nyumbani. Shemeji yangu aliwahi kuitoa *Ngonjera* akidhani ni maini.

Bahasha za kaki, ambazo sote tunazipenda, zina asidi na zinageuza karatasi kuwa ya njano. Tumia karatasi nyeupe za kawaida za fotokopi, zinafaa zaidi: kunja mbili kama koti, kitabu kikae katikati, halafu kisimame kwenye rafu kikisaidiwa na jirani zake. Vyembamba sana vilale chali. Vidonge vya nondo viwe kwenye kitambaa mbali na karatasi, au uviache kabisa.

Selotepu nimeitaja, naitaja tena. Kitabu changu cha kwanza cha Mnyampala kilikuwa kimechanika mgongo, nami kwa upendo nikakibandika. Baada ya miaka sita nailoni ilianguka yenyewe, gundi ikabaki, ikapenya mpaka kurasa tatu za ndani, kahawia kama mafuta ya mawese. Kurasa zilizochanika ziache zilivyo, funga kitabu kwa utepe mpana wa pamba, basi. Na kugandisha jalada nailoni kwa mashine ya moto ndio mwisho wa kitabu.

Hatua ya 7: Daftari la pili

La kwanza lilikuwa la unavyotafuta. Hili ni la ulivyopata. Kila kitabu kiandikie tarehe, ulikipata kwa nani (kama anakubali kutajwa), ulitoa nini, ukurasa wa hakimiliki unasema nini neno kwa neno, majina na mihuri iliyomo, na kasoro. Piga picha kwa simu, hifadhi mahali pawili. Ndani ya kitabu chenyewe usiandike chochote, hata kwa penseli. Namba yako iweke kwenye lile koti la karatasi.

Kisha mwambie mtu mmoja wa nyumbani daftari lilipo. Binti yangu ndiye ninayemfundisha sasa. Juzi alileta kijitabu alichokikuta kwa rafiki yake Chang'ombe, *Waadhi wa Ushairi*, hakina jalada. Kabla sijasema neno alikuwa ameshakigeuza upande wa nyuma.